Kamba ya Mafundo Manne

Kamba yenyewe ni ya nailoni, ya kijani, aina ile ile ambayo wavuvi wa Kunduchi hufungia nanga. Imekatwa kipande cha urefu wa mkono mmoja, ikapigwa mafundo manne yaliyoachana sawasawa. Pembeni yake, kwenye msumari huo huo, imetundikwa ya pili. Nayo ina mafundo manne, ila matatu ndiyo yaliyo kwenye mstari. La nne linaning'inia ubavuni, limeungwa kwa kipande kifupi kwenye fundo la katikati. Mwalimu huzitungua zote mbili kabla hajagusa chaki, akazilaza mezani, akawaacha vijana wazitazame mpaka mmoja wao achoke kunyamaza.

"Hesabuni mafundo," ndipo husema.

Manne na manne.

"Basi hawa ni ndugu. Sasa mniambie kwa nini si mtu mmoja."

Banda lake la tuisheni liko kwenye njia inayoshuka kutoka Mtongani kwenda pwani. Ni la bati, lina mabenchi sita na ubao uliopakwa rangi nyeusi mara nyingi kiasi kwamba chaki huteleza. Nilimpeleka mpwa wangu, aliyerudi likizo ya Desemba kutoka shule ya bweni, yuko kidato cha tano, mchepuo wa PCB. Nilikusudia kumwacha hapo na kurudi kumchukua saa sita. Nikamwamkia mwalimu, "Shikamoo," naye akaniitikia, "Marahaba, baba, keti usije ukaungua na jua." Nikakaa. Jumamosi iliyofuata nikakaa tena, bila kukaribishwa.

Somo lilikuwa majina ya kampaundi za kaboni zenye matawi. Nililisoma zamani, katika shule moja ya serikali, kwa namna ambayo wengi wa rika langu walilisoma: orodha ubaoni, tuinakili, tuikariri, tuitapike kwenye mtihani. Iso, neo, sek, tert. Nilizijua kama mtu anavyojua namba za simu za watu asiowafahamu. Kumbe nilikuwa sijawahi kuambiwa kila moja ya silabi hizo inatazama nini.

Fundo kwenye kamba ya mwalimu ni atomu ya kaboni. Haidrojeni hazifungwi, kwa sababu zinajulikana zilipo: kila kaboni ina mikono minne, na mkono usioshika kaboni nyingine umeshika haidrojeni. Kamba ya kwanza, iliyonyooka, ni butani. Ya pili, yenye fundo ubavuni, ni isobutani. Zote zina kaboni 4 na haidrojeni 10, na uzito wa molekuli ni ule ule. Mwaka 1830 mwanakemia wa Sweden, Berzelius, alivitafutia vitu vya namna hii jina la Kigiriki lenye maana ya sehemu zilizo sawa, isoma, na katika neno hilo ndimo ilimo iso tunayoibandika leo kwenye isobutani. Lakini usawa wa mafundo si usawa wa tabia. Butani iliyonyooka huchemka karibu nusu nyuzi chini ya sifuri. Isobutani huchemka karibu nyuzi 12 chini ya sifuri. Mwalimu alieleza sababu kwa mfano wa chombo: ngalawa mbili zikilazwa ubavu kwa ubavu hugusana kuanzia tezi hadi omo, na kuzitenganisha kunataka nguvu, maboya mawili ya duara hugusana mahali padogo tu, wimbi dogo likayaachanisha. Molekuli ndefu hushikana kwa ubavu wake wote. Yenye matawi hujikunja ikawa kama boya, haina pa kushikia.

Hapo ndipo alipoanza kazi niliyoikalia kitako.

Alimwita mpwa wangu mbele, akampa kamba iliyonyooka. Akamwambia afumbe macho, ashike fundo lolote. Akashika la mwisho. "Hapo umeondoa haidrojeni moja, na pale ilipotoka ndipo kamba hii itakapofungwa kwenye kamba nyingine. Fundo ulilolishika limegusana na mafundo mangapi?" Moja. "Basi mkono wako uko kwenye kaboni ya daraja la kwanza. Hiyo ni butili, haina la ziada. Sogeza kidole." Akasogea fundo la pili. Limegusana na mawili. "Daraja la pili. Hiyo ni sek-butili. Sogeza tena." Fundo la tatu. Binti akanyamaza, akaigeuza kamba, akacheka. Ukiigeuza, la tatu ndilo la pili. Na la nne ndilo la kwanza. Kamba hiyo ina mahali pawili tu pa kushikia.

Akapewa kamba ya pili. Akashika ncha: mafundo yote matatu ya pembeni yako sawa, ukishika lolote umeshika lile lile, nalo limegusana na moja. Hiyo ni isobutili. Akashika la katikati: limezungukwa na matatu. Daraja la tatu, tert-butili. Mwalimu akazichukua kamba zote mbili, akaziinua juu.

"Kamba mbili, mishiko minne. Atakayenipatia wa tano, ada yake ya mwezi huu nimemsamehe."

Vijana walijaribu kwa dhati. Waligeuza, walipindua, mmoja akaikunja kamba iliyonyooka mpaka ikawa kama herufi U akidhani amepata umbo jipya. Mwalimu akamwambia aivute, ikanyooka. Kukunja si kutia tawi. Dakika kumi zilikwenda hivyo. Mwalimu hakuzihesabu kuwa zimepotea, wala mimi. Katika orodha niliyokariri mimi, majina yale manne yalikuwa mistari minne tu. Hapa yalikuwa yamethibitishwa kwa vidole kwamba ni manne, wala hayawezi kuwa matatu au matano.

Kisha akasema sentensi niliyoiandika nyuma ya risiti ya luku, kwa kuwa sikuwa na karatasi nyingine. "Iso inatazama mkia. Tert inatazama mkono." Maana yake ni hii. Mtu akisema iso, anakuambia jinsi kamba inavyoishia upande wa mbali: imegawanyika panda, kama manati. Akisema neo, anakuambia kwamba huko mbali kuna kaboni iliyoshikwa na kaboni pande zote nne. Lakini akisema sek au tert, hazungumzii mkia kabisa. Anakuambia pale ulipoishikia kamba pamezungukwa na kaboni ngapi. Ni vifupisho vya maneno ya Kilatini, la pili na la tatu. Maneno haya manne huwekwa kwenye orodha moja kana kwamba yote yanajibu swali moja, kumbe yanajibu maswali mawili. Mkanganyiko wote wa wanafunzi, kwa kadiri nilivyousikia bandani pale, ulitoka hapo.

Isopropili, kamba ya mafundo matatu iliyoshikwa katikati, ilimletea mwalimu ubishi. Kijana mmoja akauliza: "Madam, isopropili kaboni yake ya mshiko si imegusana na mbili? Mbona haiitwi sek-propili?" Nilimwona mwalimu akifurahi kwa namna ya mtu aliyesubiri swali hilo miaka. Akamjibu kwamba ameona vizuri: isopropili ni daraja la pili kwa mkono, na ni panda kwa umbo, mambo mawili yamekutana kwenye kamba fupi ya mafundo matatu, na desturi ikachagua kuitaja kwa umbo. Akaongeza jambo ambalo tangu siku hiyo nalitazama kwenye chupa za vitakasa mikono zilizojaa madukani tangu mwaka 2020. Zimeandikwa isopropanoli. Jina hilo lina kasoro, kwa sababu hakuna isopropani. Kamba ya mafundo matatu haina ndugu wa pili. Ukitaka kusema sawasawa, sema alkoholi ya isopropili, au propani-2-oli. Hakusema watengenezaji ni wajinga. Alisema jina limeshonwa kwa vipande vya nguo mbili.

Pentani alizifanya kwa haraka, kamba tatu za mafundo matano: iliyonyooka, ya iso, na ya neo yenye fundo moja katikati na manne kuizunguka. Hata hivyo alisimama mahali pamoja. Siku ile ilikuwa saa tano asubuhi, mwezi wa Desemba, na joto la Dar lilikuwa limeshapita nyuzi 30. Pentani iliyonyooka huchemka kwenye nyuzi 36, isopentani karibu 28, neopentani 9 na nusu. "Tungekuwa nazo hapa mezani katika chupa tatu zilizo wazi," alisema, "ya kwanza ingebaki kimiminika, ya pili ingekuwa inachemka mbele ya macho yenu bila jiko, na ya tatu msingeikuta, ingekuwa gesi tangu alfajiri." Kaboni tano, haidrojeni 12, tofauti ni mahali pa mafundo. Kwa alkoholi zenye mafundo manne kuna ajabu nyingine, alkoholi ya tert-butili: huganda kwenye kama nyuzi 25. Kunduchi mwezi ule ingekuwa maji. Kwenye baridi ya asubuhi ya Njombe ingekuwa jiwe.

Nilijiuliza kwa nini vijana hawa walizielewa silabi hizi upesi kuliko sisi, nikaona jibu moja liko kwenye ulimi wao wenyewe. Elimu ya sekondari kwetu hufundishwa kwa Kiingereza, na mengi yamesemwa kuhusu mzigo huo, sitayarudia. Lakini kwenye somo hili mwalimu alikuwa anafundisha kwa Kiswahili kingi, akirudi kwenye Kiingereza pale tu mtihani utakapodai neno lake. Na mtu aliyekua ndani ya Kiswahili haogopi kiambishi. Tangu ana miaka miwili anajua kwamba m-toto na ki-toto na u-toto si kitu kimoja, na kwamba silabi moja mbele ya neno inaweza kugeuza ukubwa, idadi na nasaba. Anasema "tusingeliwakumbusha" bila kupumua, na ndani yake kuna vipande sita, kila kimoja kikijua nafasi yake. Neno kama 4-ethili-2,2-dimethiliheksani linamtisha mtu ambaye lugha yake imezoea maneno mafupi. Kwetu sisi ni neno la kawaida lililovaa tarakimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), kilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Vitendea kazi tulivyo navyo ni vingi kuliko tunavyovitumia, na mabanda ya tuisheni yanalijua hilo kuliko ofisi nyingi.

Kuna mahali kiambishi cha kemia na cha Kiswahili vinafanana mpaka nikashangaa. Matawi yanapotajwa kwenye jina moja hupangwa kwa alfabeti: ethili, tawi la mafundo mawili, kabla ya methili, la fundo moja. Sasa isopropili iwekwe wapi, kwenye i au kwenye p? Na tert-butili, kwenye t au b? Kanuni inasema iso na neo huhesabiwa, kwa hiyo isopropili iko kwenye i; lakini sek na tert hazihesabiwi, wala di na tri zinazohesabu matawi, kwa hiyo tert-butili iko kwenye b, na itamtangulia ndugu yake wa iso. Wanafunzi hulalamika kwamba hii ni hila. Mwalimu akawaambia wafikirie kamusi ya Kiswahili. Neno "mtoto" unalitafuta wapi? Kwenye M, pamoja na kiambishi chake. Na neno "wanasoma"? Kwenye S, soma. Viambishi umeviacha mlangoni. Kipo kiambishi kilichogandana na neno mpaka kikawa mwili wake, na kipo kinachovuliwa. Iso imegandana, ndiyo maana huandikwa bila kistari. Sek na tert zina kistari, na kwenye vitabu vilivyochapwa vizuri herufi zake hulazwa, ili msomaji ajue zinavuliwa. Sijawahi kusikia maelezo bora ya kanuni hiyo, na sidhani kama yangeweza kutolewa kwa lugha nyingine yoyote.

Kamba za mafundo sita ndizo zilizomaliza ukoo wa majina haya. Aliwapa vijana nusu saa wafunge zote wanazoweza, na zilipatikana tano. Ya kwanza imenyooka. Ya pili ina panda mkiani, iso. Ya tatu ina fundo lenye majirani wanne, neo. Halafu zikabaki mbili mezani hazina jina: moja ina tawi katikati kabisa, nyingine ina panda pande zote mbili. Iso ilishatumika, neo imeshachukuliwa. "Tutawaitaje hawa?" Kimya. Hicho ndicho kimya kilichowapata wanakemia wa karne ya 19, maana kamba ikirefuka ndugu huongezeka bila huruma: kaboni 8 zina maumbo 18, kaboni 10 zina 75, na kaboni 20 zina maumbo 366,319. Hakuna lugha yenye silabi za kuwatosha. Mmoja wao, Hofmann, alipendekeza mwaka 1866 mpango wa irabu kwenye mwisho wa majina, ule unaotupa -ani, -eni na -ini. Aprili 1892 wanakemia wa Ulaya walikutana Geneva wakakubaliana kuchagua mnyororo mrefu kuliko wote uwe shina na kuyataja matawi kwa namba. IUPAC, muungano wa kimataifa wa kemia, ilipoundwa mwaka 1919 ilirithi kazi hiyo, na inaifanya hadi leo.

Kwa hiyo zile kamba mbili zisizo na jina zikapata majina: 3-methilipentani na 2,3-dimethilibutani. Kijana mmoja alikuwa ameshamwita wa kwanza 2-ethilibutani, akaandika ubaoni kwa kujiamini. Mwalimu hakusema amekosea. Alimpa kamba yenyewe, akamwambia ashike ncha mbili zilizo mbali kuliko zote na avute. Kijana alishika zile alizokuwa amezichora kwenye mstari mlalo ubaoni. "Kuna ncha nyingine, jaribu." Akabadilisha mshiko, akavuta, kamba ikanyooka mkononi mwake ikiwa na mafundo matano, na moja tu likaning'inia. Alilitazama fundo lile lililoning'inia kwa muda. Kisha akaenda kufuta mwenyewe. Ubao ulikuwa umemdanganya, kwa kuwa ubao unaonyesha kilicholala na kilichosimama, na molekuli haina habari na mlalo wala wima.

Namba nazo zina adabu yake. Unaanza kuhesabu kutoka ncha itakayolifikia tawi mapema. Pakiwa na sare, unasonga mbele mpaka mahali pa kwanza zinapoachana: 2,2,4 inaishinda 2,4,4. Mkato hutenganisha tarakimu na tarakimu, kistari hutenganisha tarakimu na herufi, na shina huandikwa mwisho likiwa limeungana na tawi la mwisho bila nafasi. Mwalimu alisahihisha mikato kwa ukali ule ule aliosahihishia kaboni. Niliona daftari la binti mmoja limezungushiwa duara jekundu kwa sababu ya kistari kimoja tu. Sikuona kwamba ni uonevu. Fundi wa jahazi naye hukataa ubao wote kwa ajili ya upenyo usioonekana na abiria.

Mtihani wa taifa unataka namba, na kuna walimu wanaosema kwa sababu hiyo iso na tert zingeachwa zife. Mimi siko upande wao, na nadhani mwalimu wa Mtongani naye hayuko. Mwaka 2013, IUPAC ilipochapa upya kanuni zake, hata yenyewe iliiacha tert-butili iendelee kutumika kama jina linalopendekezwa la tawi hilo. Na nje ya chumba cha mtihani majina haya yamejaa tele. Toka bandani, ingia duka la dawa la kwanza utakalolikuta Mtongani, uombe ibuprofeni. I ni iso, bu ni butili, pro ni ya asidi ya propanoiki, fen inaelekeza kwenye pete ya benzini. Dawa iliyotokana na kazi ya Stewart Adams na wenzake katika kampuni ya Boots, Nottingham, mwanzoni mwa miaka ya 1960, imebeba kamba yetu ya pili ndani ya jina lake, na kila mama aliyemnunulia mtoto anayeota meno ameitaja bila kujua.

Salbutamoli, ile ya kuvuta ya wagonjwa wa pumu, ndiyo iliyonifanya nirudi Jumamosi ya pili. Mwalimu aliichora hatua kwa hatua. Adrenalini ya mwili wetu ina atomu ya naitrojeni iliyobeba fundo moja, methili. Inafungua mapafu, lakini inakaza mishipa na kuukimbiza moyo. Ondoa fundo hilo, weka isopropili, panda ya mafundo matatu: hiyo ni isoprenalini, iso yake iko wazi kwenye jina. Imeacha kukaza mishipa, ila moyo bado unakwenda mbio. Mwishoni mwa miaka ya 1960, timu ya David Jack huko Uingereza, iliyobadilisha pia upande wa pili wa molekuli, iliweka tert-butili mahali pale. Kichwa kile kinene, kaboni moja iliyobeba methili tatu, kinakaa vizuri kwenye vipokezi vya mapafu kuliko vya moyo. Ile "but" katikati ya salbutamoli ndiyo hiyo. Mpwa wangu ana pumu. Alikitoa kikopo chake cha bluu kwenye begi, akakiweka mezani pembeni ya kamba, akavitazama pamoja. Mwalimu hakuongeza neno.

Friji nazo. Nyingi za siku hizi zina kibandiko nyuma kilichoandikwa R600a, na gesi hiyo ni isobutani. Na petroli inayomiminwa kwenye mashine za boti zinazotoka Kunduchi alfajiri hupimwa kwa kamba zenye matawi. Mafuta yakibanwa ndani ya silinda, molekuli zilizonyooka hujiwakia kabla ya zamu na injini ikagonga. Zenye matawi mengi huvumilia. Miaka ya 1920 wataalamu waliweka vipimo viwili: heptani iliyonyooka ikapewa 0, na 2,2,4-trimethilipentani ikapewa 100. Hii ya pili dunia nzima inaiita isooktani. Hapa mwalimu alikuwa mkweli kwa wanafunzi wake. Kwa kanuni aliyowafundisha, isooktani ya haki ni 2-methiliheptani, yenye panda moja mkiani. Hiyo ya vituo vya mafuta ina methili mbili upande mmoja na moja upande mwingine, haina haki ya jina hilo. "Lijueni, kwa sababu mtalikuta. Msiliige, kwa sababu halijatazama kamba."

Yapo mengine aliyoyagusa na kuyaacha: harufu ya ndizi mbivu, ambayo sehemu kubwa ni asetati ya isoamili, na kwa nini gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kufika Dar mwaka 2004, haina cha kutolea matawi, kwa kuwa karibu yote ni methani, fundo moja lisilo na kamba.

Saa sita na nusu aliwaambia wafungue mafundo yao yote. Kamba ni zile zile kila wiki. Zinafungwa na kufunguliwa mpaka nyuzi zake zimelainika na kutoa manyoya. Zile mbili za kwanza tu, za mafundo manne, hazifunguliwi. Alizirudisha kwenye msumari wake, iliyonyooka kushoto, ya panda kulia. Nilimuuliza amekuwa nazo muda gani. Akasema tangu alipokuwa bado ameajiriwa, na kwamba hii ya kulia aliwahi kuifunga vibaya, ikashinda muhula mzima ina tawi kwenye fundo la ncha, mpaka mwanafunzi mmoja akainyoosha mbele ya darasa na kumwonyesha kwamba ni kamba ya kushoto. Alilisimulia hilo kama mtu anayemsifu mtoto wake.

Ukiwa na kijana wa kidato cha tano nyumbani, mnunulie kamba mita mbili. Mfungie ya mafundo manne iliyonyooka, na ya pili yenye fundo ubavuni, umwambie akutafutie mishiko yote na akutajie kila mmoja. Mwache ashike kwanza, ndipo umpe kalamu.